Mlaze Mzee Kwanza

9 Januari

Mpwa wangu,

Pokea salamu zangu pamoja na za babu yako, ingawa zake amezielekeza kwa mama yako na anauliza kama ameshatoka shule. Nilimwambia binti yake ana wajukuu sasa. Akanitazama kama mtu anayedanganywa sokoni.

Huku tu wazima. Sikio langu la kushoto limeaga rasmi na la kulia linafungasha. Mteja akilalamika redio yake haisemi, namjibu kwamba hata yeye simsikii. Ndiyo maana nakuomba usinipigie simu, na ujumbe wa maandishi usinitumie pia, kile kioo kidogo kinaniumiza macho. Karatasi haikwaruzi wala haizimi.

Babu yako amejiajiri karakana bila mimi kumwajiri. Nikifungua kitu tu, huyo amekaa kando yangu, anaokota skrubu na kuzitia mfukoni. Juzi solda yangu ya kuunganishia nyaya niliikuta ndani ya foronya yake. Nilipomwuliza alisema mimi ndiye mwizi. Sasa kazi ya maana naifanya mchana akishalala, na ukiona karatasi zina madoa ujue mzee aliamka mapema.

Haya, la kazi. Wale wasomaji wa tovuti yako wanaotaka kujua jinsi ya kufungua maikrowevu, hasa yule anayejiita Solda Baridi, wamenisumbua vya kutosha. (Jina gani la kujipa hilo? Kiungo kilichoonekana kimeshika kumbe hakikushika! Ni kama fundi cherehani kujiita Mshono Mbovu.) Nimeandika kurasa nne na michoro miwili. Michoro usiiguse. Maneno yasafishe utakavyo, wewe ndiye uliyesoma.

Mwambie dada yangu asisimame sana na miguu yake ile.

Mjomba wako

27 Januari

Shikamoo Mjomba,

Bahasha imefika salama, ina doa moja tu la chai. Mama anashukuru kwa salamu za Babu, na ameshatoka shule. Alicheka aliposema hivyo, kisha akaenda chumbani akakaa huko kitambo. Miguu imepungua kuvimba. Asubuhi anaiweka kwenye beseni la maji ya chumvi, jioni anasahau kwamba inauma na kuanza kufagia.

Mimi bado niko pale pale kwenye duka la kutoa kopi. Wakifunga mlango wa mbele naruhusiwa kubaki saa moja na mashine, ndipo ninapochapa kazi zako na kupiga picha michoro. Mwenye duka ananiuliza napata nini. Namwambia napata Mjomba.

Kazi ya maikrowevu nimeiweka kwenye tovuti yetu ya Meza ya Mjomba siku ya Jumamosi. Haijapata kutokea! Siku ya kwanza tu walisoma watu mia nne. Nimekusafisha kidogo kama ulivyoniruhusu. Wewe unachanganya bisibisi na habari za nyumbani, na msomaji wa mbali hataelewa, kwa hiyo mizaha ya kifamilia nimeitoa na hatua nimezipa namba upya. Sasa inasomeka kama kitabu.

Solda Baridi alikuwa wa kwanza kuandika. Anasema: "Mjomba, ofisini kwetu wametupa maikrowevu moja, nimeiomba. Siku yangu ya mapumziko naifungua na karatasi yako mkononi. Ikiwaka nakutumia picha, isipowaka nakutumia lawama." Nimemjibu kwamba lawama zina foleni.

Mpwa wako

20 Machi

Mpwa wangu,

Nawasalimu wewe na mama yako. Babu yako anakula vizuri. Nimemaliza salamu.

Jana kinyozi jirani alivuka barabara akiwa na simu mkononi, akamwacha mteja kitini na nusu ya kichwa. Aliniinamia kwenye sikio la kulia akanisomea maneno yaliyoandikwa chini ya kazi yangu. Nilimwomba anisomee tena, kisha nikamwomba ayaandike, na nayanakili hapa ili usiseme hukuyaona.

"Mimi ni dada yake Solda Baridi. Kaka yangu alikuwa mlinzi wa ghala, na ufundi huu ndio uliokuwa furaha yake. Alikuwa anafungua maikrowevu. Waya wa umeme alishauchomoa ukutani, mimi mwenyewe niliukuta umezungushwa vizuri juu ya kiti. Aliingiza mkono ndani, akaanguka, hakuamka. Simu yake ilikuwa mezani inaonyesha ukurasa wenu. Sina ugomvi na mtu. Naomba tu mniambie ni hatua gani aliyoiruka."

Ameandika tarehe mbili. Leo ni tarehe ishirini. Chini yake kuna neno lako moja, "Poleni", basi. Mimi hukuniandikia hata hilo moja.

Nikamwambia kinyozi anisomee kazi yote tangu mwanzo. Hatua ya kwanza, chomoa umeme. Ya pili, fungua skrubu za nyuma. Ya tatu, toa feni. Nikamwambia ameruka. Akasema hajaruka. Alinisomea mara tatu, na yule mteja wake alishakuja mlangoni na shuka shingoni.

Mpwa wangu, kabla ya feni unamlaza mzee. Mzee ni ile kapasita kubwa, kile kifaa kinachohifadhi umeme. Fundi aliyenifundisha aliiita hivyo kwa sababu hata ukimnyima umeme anabaki na kinyongo chake kifuani, na atakayemgusa wa kwanza ndiye atakayelipa. Kumlaza ni kuimaliza ile chaji kwanza. Kwa miaka thelathini na minane sijafungua kitu kikubwa bila kumlaza mzee. Lakini katika kazi yangu hatua hiyo haimo.

Babu yako alianza hivi hivi. Alisahau sufuria motoni tukacheka. Akasahau njia ya kurudi nyumbani, tukaacha kucheka.

Karatasi zangu unazo wewe. Zitazame uniambie jambo moja tu: niliandika au sikuandika?

Mjomba

25 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mama alipatwa na homa wiki nzima, halafu dukani walihamisha meza zote kwa sababu dari linavuja, na vitu vyangu vimetawanyika kwenye maboksi. Karatasi zako sijazipata bado. Nikizipata nitakuambia.

Kazi ile nimeiondoa kwenye tovuti siku ile ile niliyopata barua yako. Sikukuandikia kwa sababu sikujua niseme nini. Yawezekana mashine yenyewe ilikuwa na hitilafu. Yawezekana alikuwa na moyo mbovu, watu hufa wakiwa wamekaa tu. Usijilaumu, Mjomba.

Wasomaji wengine wanauliza lini utaandika tena. Mmoja anataka kujua jinsi ya kutengeneza taa ya dharura kwa betri za simu kuukuu. Nadhani ungemfaa.

Mama anakusalimu sana.

Mpwa wako

18 Mei

Mpwa wangu,

Nafurahi homa ya mama yako imeisha. Babu yako ameacha kuiba skrubu. Siku hizi anakaa tu akitazama mikono yake, na ninatamani angeniibia hata moja.

Niliposoma kwamba karatasi zimepotea nilijua jibu. Wewe hupotezi karatasi. Ulipokuwa na miaka saba ulikuwa unatunza hata maganda ya betri kwa mpangilio wa rangi. Unanificha ili nisiumie, na nakushukuru, lakini mficha maradhi kifo humwumbua.

Nimeanza kujipima. Asubuhi kabla ya chai natamka rangi za rezista, kile kipande cha redio chenye mistari ya rangi, kwa mpangilio wake: nyeusi, kahawia, nyekundu, chungwa, njano, kijani. Wiki iliyopita nilikwama baada ya kijani. Nikasimama jikoni na kikombe mkononi, buluu haiji. Niliikuta baadaye kwenye kandambili za babu yako.

Nimefunga karakana. Redio ya mwalimu mkuu nimeirudisha bila kuifungua, akadhani nimekasirika. Kinyozi anasema akili ni nywele, na yeye kazi yake ni kuzipunguza, kwa hiyo nimwachie yeye habari hizo. Nilicheka ili asijisikie vibaya. Lakini nimeshaua mtu kwa kusahau mstari mmoja. Nikifungua redio ya mtu tena nitakuwa mpumbavu na muuaji kwa pamoja.

Yule dada amejibiwa? Alituuliza swali la adabu kabisa.

Mjomba

3 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nakuandikia haraka nikiwa kazini. Tafadhali usifunge karakana. Ukikaa mikono mitupu utaumwa. Kusahau rangi moja si ugonjwa, hata mimi huwa nasahau.

Wewe hukusahau. Najua hukusahau. Naomba uniamini tu.

Mpwa wako

29 Juni

Mpwa wangu,

Salamu kwenu. Babu yako ameanza kukataa chakula, namlisha kwa kijiko. Ananiita baba.

Unajuaje?

Barua yako nimeisoma mpaka ikachanika kwenye mkunjo. Umesema "najua". Kama unajua, basi karatasi umeziona. Kama umeziona na mstari umo, mbona hukuniandikia Machi? Nimeligeuza hili kila upande na kila mara linafika mahali pamoja: mstari haumo, na wewe unanibembeleza kama tunavyombembeleza babu yako. Na mimi ndivyo nilivyoanza naye, kwa kumwambia "hukusahau, baba, ni mimi niliyehamisha." Naujua wimbo huo, nimeuimba miaka sita.

Kwa hiyo nimeamua. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ndogo. Iweke kwenye tovuti kama ilivyo, usisafishe kitu. Kisha hiyo Meza uifunge.

"Dada, mimi ndiye Mjomba mwenye meza hii. Kaka yako hakuruka hatua. Hatua niliisahau mimi. Baba yangu amepotewa na kumbukumbu, na mimi naelekea huko huko, na sikuwa na haki ya kumfundisha mtu. Nimeacha kazi. Nisamehe ukiweza, na usipoweza una haki."

Nikiisha kumzika mzee nitakwenda kwa miguu yangu kumwona yule dada. Usinizuie.

Mjomba

20 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Salamu za Mama zipo, nitazileta mwisho kama nitakuwa bado na nguvu.

Karatasi yako sikuiweka. Mara tatu nilikaa mbele ya mashine ili niiweke, na mara ya tatu mkono ulikuwa tayari umefika. Nilijua nikiiweka nitapona. Ndivyo nilivyofikiri, Mjomba, kwa maneno hayo hayo. Hapo nikajiogopa.

Karatasi zako hazikupotea hata siku moja. Ziko kwenye droo yangu, chini ya mikasi. Nakuletea ule ukurasa wa pili wenyewe, si kopi. Tazama mstari wa tano. Mwandiko wako: "Kabla ya yote, mlaze mzee." Umeupigia mistari miwili chini.

Na tazama juu yake. Kalamu nyekundu ni yangu. "Mzaha wa nyumbani, toa."

Nilidhani unamsema Babu. Barua nzima uliijaza habari zake, kwamba solda ameificha kwenye mto, kwamba huwezi kufanya kazi ya maana mpaka alale. Nikafika hapo nikacheka peke yangu dukani, nikasema Mjomba naye, nikaukata. Sikukuuliza. Stempu moja tu ilitosha kukuuliza, lakini nilitaka kuiweka Jumamosi kwa sababu Jumamosi watu husoma sana.

Nilielewa siku ilipofika barua yako ya Machi. Nilikuwa nimesimama kwenye foleni ya posta. Nilikaa chini pale pale sakafuni, mlinzi akaniletea maji. Baada ya hapo kila siku nilisema kesho. Wewe ulipojishuku, mimi nilipata pa kujificha, nikajificha nyuma yako wewe uliyenifundisha kushika bisibisi. Niliona unavyojipima, niliona karakana inafungwa, na bado nikakutumia habari za dari linalovuja. Dari halivuji.

Jana nilimwandikia dada yake Solda Baridi. Nilimwambia: kaka yako hakuruka hatua yoyote, hatua niliiondoa mimi kwa sababu sikuielewa na sikuuliza. Nilimpa jina langu kamili na mahali ninapofanya kazi. Hajajibu. Jioni hii nimeyaweka maneno hayo hayo kwenye ukurasa wa mbele wa Meza, yasomwe na kila mtu.

Wewe hukusahau, Mjomba. Akili yako ni nzima. Fungua karakana. Mimi usinisamehe, lakini fungua karakana.

Mama anakusalimu. Hajui.

Mpwa wako, kama bado unaniita hivyo

14 Agosti

Mpwa wangu,

Bado nakuita hivyo. Undugu haufungwi kwa skrubu hata ufunguliwe.

Tarehe tatu tulimlaza mzee. Safari hii huna haja ya kujiuliza ni mzee yupi. Kinyozi alimpigia mama yako, na mama yako akaja na miguu yake ile ile, akasimama kaburini mpaka mwisho. Watu waliniuliza mpwa wangu yuko wapi. Nikasema kazi zimembana. Nimekudanganyia mbele ya maiti ya babu yako, na hilo nalo utaliweka kwenye hesabu yako.

Nimekukasirikia. Nataka ulisome hilo kabla ya lingine lolote. Kosa la kukata mstari nakusamehe, kwa sababu lina wazazi wawili. Mimi niliandika kwa watu mia nne kana kwamba wote walikua chini ya meza yangu, nikakuambia safisha utakavyo. Fundi anayesema lugha ambayo yeye peke yake anaielewa naye ana damu mkononi. Lakini miezi minne ile ni yako peke yako. Nilikuwa naamka natamka rangi kama mtoto anayeogopa mwalimu, na wewe dawa yangu ulikuwa nayo chini ya mikasi.

Mama yako sasa anajua. Nilimwambia mwenyewe baada ya mazishi. Usiku ule hakula.

Sasa nakuambia lililonifanya nichelewe kujibu.

Ukurasa ulipofika niliupeleka mlangoni penye mwanga. Mwandiko ni wangu, ile "z" yenye mkia naijua, na mistari miwili ndiyo tabia yangu. Doa la chai ni la kikombe changu. Niliutazama asubuhi nzima. Nikarudi tena mchana. Mpwa wangu, sikumbuki kuuandika. Si mstari huo tu. Ukurasa wote. Nimejaribu kuiona siku niliyokaa nikauandika, kalamu gani, mzee alikuwa wapi, na hakuna kitu pale. Kama isingekuwa mwandiko, ningeapa mbele ya watu kwamba ni wa fundi mwingine.

Kwa hiyo Januari sikusahau. Nimesahau sasa. Ulichelewa kidogo tu kuniletea habari njema, nami nikashindwa kuipokea. Jana nilifika kijani nikakaa. Kinyozi ndiye aliyenitajia buluu, naye hajui hata rezista ni nini. Ameikariri kwa kunisikia.

Yule dada amekuandikia? Asipokuandikia usimsumbue. Akiandika, hata akiandika matusi, mjibu siku hiyo hiyo. Twende wote kwake. Peke yangu naogopa nitafika mlangoni nisijue nimefuata nini.

Meza usiifunge. Nimebadili mawazo. Rudisha kazi ya maikrowevu, na mstari wangu uurudishe kama nilivyouandika, kisha chini yake ueleze kwa maneno ya watu wote mzee ni nani na analazwaje. Halafu uje na daftari nene. Nina maneno mengi ya namna hiyo, ya yule fundi aliyenifundisha na mengine yangu, na kila moja lina hatari yake ndani. Nitakutajia, utaniuliza maana, utaniuliza tena hata ukidhani umeelewa. Hasa ukidhani umeelewa.

Njoo mwezi huu. Usinigongee dirishani kwa utani kama zamani, siwezi kukusikia. Ingia, kaa mbele yangu palipo na mwanga, na kabla ya kunipa shikamoo uniambie wewe ni nani.

Mjomba wako